Mfinyanzi Hulia Gaeni

Watu wakisikia kwamba asubuhi nafinyanga vyombo vya kuuza, na alasiri nakaa na waliofiwa na wenye dhiki za moyo nikiwapa udongo waufinyange, huniambia, "Basi kazi yako ni moja tu." Mimi nasema ni mbili, na mwenye kuzichanganya ovyo huziharibu zote.

Jina la hii tiba kwa sanaa limetoka mbali. Mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, ndiye aliyelitoa mwaka 1942, baada ya kuugua kifua kikuu na kuuona msaada wa kuchora akiwa kitandani. Ufinyanzi hatukuletewa. Ingia makumbusho ya Fort Jesus hapa Mombasa uone vyungu vya kwetu vilivyofukuliwa pwani hii, vimekaa pamoja na sahani za Uchina. Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Kenya, hujenga vyombo vyake kwa mkono bila gurudumu la kuzungushia udongo, na dunia nzima inavijua. Kwa hiyo wangu nao siwaanzishi na gurudumu. Gurudumu humuaibisha anayeanza, na hawa wamekuja na mzigo wa kutosha.

Mwaka juzi nilikuwa na mzee mmoja, mjane. Wiki tano hakusema la maana, akawa anauminya udongo tu. Ya sita akaanza chetezo, kwa kuwa marehemu mkewe hakuwa akilala bila kufukiza ubani. Kilikuwa kinene chini, kimepinda, na alama ya dole gumba lake kwenye ukingo. Ilikuwa masika, hewa imejaa maji. Nikakigusa juu juu, nikaona kikavu, nikakitia jokoni, tanuri la kuchomea vyombo. Ningekiweka shavuni ningejua: chombo kilicho na maji ndani huwa baridi. Maji yale yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya maji. (Wengi husingizia mapovu ya hewa. Hewa huonewa bure, mkosa ni unyevu.) Nilipofungua joko nikakuta vigae. Mzee akavitazama mezani kitambo.

"Hata hiki nacho, mwanangu?"

Sikuwa na la kumjibu zaidi ya "Nisamehe, baba. Haraka yangu."

Ndipo nilipoacha kukubaliana na wanaosema mshauri nasaha yeyote anaweza kununua mfuko wa udongo akaanza. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na ni vyema. Kujua kufinyanga hakukupi ruhusa ya kugusa jeraha la mtu. Lakini na wewe uliyesomea majeraha, lijue joko lako. Aliyekwisha kupoteza mtu usimpasulie chombo kwa uzembe.

Alirudi. Chetezo cha pili tulikikausha kivulini siku kumi na tisa, kila asubuhi nakiweka shavuni. Kinayumba mpaka leo, na ubani unafuka.

Jambo jingine ni rafu. Vyombo vya kuuza viko mbele, vya wanaotibiwa viko nyuma ya pazia. Mwezi uliopita mnunuzi mmoja alichungulia, akakipenda kibakuli kilichochanika mdomo, akatoa elfu mbili. Nikakataa. Wenzangu walinicheka, wakasema pesa hiyo ingenunua udongo wa mwezi. Kwangu ni sawa na kuuza barua niliyoandikiwa kwa siri. Isitoshe, kile kibakuli hakikufinyangwa kipendeze. Mwenyewe alikichana makusudi, na siku ile ndipo alipolia.

Kinachonishinda ni cha kwangu mwenyewe. Ukishinda unatazama mikono ya wengine, jioni yako huna hamu hata ya kulowesha udongo. Mwaka wote wa jana sikufinyanga chombo kimoja cha kujifurahisha, na nyumbani nilikuwa nikinywea chai kikombe cha plastiki, wageni wakiniangalia. Sasa Jumamosi sipokei mtu, hata akija na machozi mlangoni nampa miadi ya Jumatatu. Wako wanaoniona mkavu. Wiki hii nimeanza vikombe sita vya nyumbani, na mvua nayo imeanza.