Mchagua weji ndiye mchezaji

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kwa shamba sibishani nao. Kwa gofu nabisha. Nimewaona watu wenye mikono mizuri wakihangaika miaka na weji isiyowafaa, yaani ile fimbo fupi yenye uso ulioinama sana kwa mapigo mafupi ya kuupandisha mpira, wakijilaumu wenyewe, wakilipia mafunzo ya kurekebisha pigo ambalo halikuwa bovu hivyo. Kilichowasumbua kiliandikwa kwenye fimbo yenyewe, namba ndogo karibu na ile ya digrii za uso (mwinamo wa uso wa fimbo), na hawakuwahi kuuliza maana yake.

Namba hiyo ni baunsi. Chukua weji yako, isimamishe sakafuni mpini ukiwa wima, kisha inama uitazame kwa upande. Ukingo wa mbele haugusi sakafu. Kinachogusa ni kitumbo cha soli, yaani sehemu ya chini ya kichwa cha fimbo, nyuma kidogo ya ukingo. Pembe iliyopo kati ya sakafu na mstari unaopanda kutoka kitumbo hadi ukingo ndiyo baunsi. Jembe halina kitumbo, ndiyo maana likitua linazama. Kijiwe bapa ukikirusha juu ya maji kinatua kwa tumbo na kudunda. Weji huishi kati ya hivyo viwili. Kwa kawaida digrii 4 hadi 6 huhesabiwa kuwa baunsi ndogo, 7 hadi 10 ya wastani, na zaidi ya hapo kubwa, ingawa kila mtengenezaji ana mipaka yake.

Msimu mzima nilicheza na weji ya digrii 56 yenye baunsi 6. Niliinunua kwa sababu mchezaji niliyemheshimu alikuwa nayo. Kila nilipobaki na mita 40 kufika kwenye grini, ile nyasi laini iliyozunguka shimo, tumbo lilinikaza, kwa kuwa nilijua fimbo ingeweza kuchimba nyuma ya mpira na kukwama hapo. Nilidhani ni mikono. Siku moja rafiki aliniazima yake, digrii zilezile 56 lakini baunsi 12, na pigo lilelile lililokuwa likizama likateleza chini ya mpira na kuunyanyua. Sikuwa nimejifunza chochote kipya asubuhi ile.

Sababu yake niliielewa baadaye, na ndiyo ninayotamani kila mchezaji aielewe kabla ya kutoa pesa. Baunsi iliyoandikwa hupimwa mpini ukiwa wima. Ukisukuma mikono mbele ya mpira, kama wengi tulivyofundishwa, mpini unainama na baunsi inapungua karibu digrii kwa digrii. Inamisha mpini digrii 5 na ile weji yangu ya 6 inabaki na digrii 1 tu. Hapo umeshika jembe. Ukifungua uso wa fimbo, kitumbo kinashuka na baunsi inaongezeka. Kwa hiyo namba ni mwanzo tu wa hesabu. Mikono yako ndiyo inayoimalizia.

Gene Sarazen, mchezaji wa gofu wa Marekani, aliliona hili mapema kuliko wengi. Zamani wachezaji walitoka kwenye banka, yaani shimo la mchanga, kwa fimbo zenye makali membamba yaliyozama mchangani. Yeye akaongeza madini chini ya soli ili sehemu ya nyuma ikae chini kuliko ukingo, na mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia akiwa ndani ya ndege, alipoona jinsi mkia unavyoshushwa ili pua ipande. Mwaka 1932 alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza kwenye uwanja wa Prince's, na mwaka huohuo akashinda pia yale ya Marekani. Fimbo yake ilitengenezwa ipige mchanga, mchanga nao uutoe mpira.

Wapo wanaoogopa baunsi kubwa wakisema itadunda na kuugonga mpira kiunoni. Hofu hiyo ina ukweli wake mahali pamoja: ardhi ngumu iliyokauka, au mchanga mchache ulioshindiliwa na mvua. Hapo soli pana hugonga na kuruka, na ukifungua uso ndiyo kabisa. Lakini kwenye nyasi zenye unyevu na mchanga mwingi mlaini, nimeona madhara mengi zaidi yakitoka kwa baunsi ndogo. Msimamo wangu ni huu: kama huna uhakika, chagua iliyo kubwa zaidi kidogo. Inakusamehe ukitua sentimita chache nyuma ya mpira, na wengi wetu hutua hapo mara nyingi kuliko tunavyokiri.

Unaruhusiwa fimbo 14, kwa hiyo si lazima weji zote zifanane. Mimi sasa nina ya 56 yenye baunsi 12 kwa banka na nyasi nene, na ya 60 yenye 8 kwa ardhi iliyokaza. Angalia pia umbo la soli, maana namba haisemi yote. Soli pana yenye 8 inaweza kuelea kuliko nyembamba yenye 10, na kisigino kilichonolewa hukuruhusu kufungua uso bila ukingo kunyanyuka sana.

Jambo moja linaniudhi kweli: kujaribu weji juu ya zulia la mazoezi. Zulia linasema uongo. Fimbo ikitua nyuma ya mpira inateleza, mpira unaruka vizuri, unanunua ukiwa na furaha, kisha unakutana na udongo. Muuzaji akikataa usijaribu kwenye nyasi, azima ya mwenzako kwanza, hata kama itakuchukua mwezi kumpata aliye nayo.

Na kabla hata ya kuazima, beba weji uliyo nayo, tafuta nyasi fupi, piga mipira kumi bila kufuatilia inakotua. Tazama ulichoacha ardhini. Mashimo yenye kina, na mabonge ya udongo yanayong'oka mazito kama kipande cha mkate, yanaomba baunsi ya 10 kwenda juu. Nyasi zilizonyolewa tu, ardhi ikabaki nzima, zinakuruhusu kushuka hadi 8 au hata 6. Ukiona mchanganyiko wa yote mawili, piga kumi nyingine siku ambayo ardhi iko tofauti, mvua ikiwa imenyesha au jua likiwa limekausha, kisha linganisha.