Mbwa wa Kigoma: risasi au sindano?

Kila mtoto anapong'atwa na mbwa, iwe Ujiji, Kasulu au Kaliua, mkutano wa kijiji unaofuata huwa na hoja moja kubwa: mbwa wote wanaozurura wauawe, kwa hofu ya kichaa cha mbwa. Mtendaji anaambiwa aandike barua halmashauri, mgambo waje na bunduki, kazi iishe. Hoja hiyo haitoki kwa watu wenye roho mbaya, inatoka kwa wazazi. Lakini imejengwa juu ya dhana ambayo haijachunguzwa vya kutosha, kwamba mbwa asiyefungwa ni mbwa asiye na mwenyewe, na kwamba akiondolewa nafasi yake itabaki wazi. Njia nyingine ni sindano ya chanjo kwa mbwa wenyewe, na hapa tunazipima zote mbili.

Mbwa wote wa nyumbani wametokana na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia. Mbwa mwitu tulionao Ugalla na Moyowosi, wale wenye madoa na masikio ya duara, ni ukoo mwingine kabisa. Mguu wake wa mbele una vidole vinne, wa mbwa wa nyumbani una vitano, na wawili hao hawazaliani. Kusini mwa Sahara mbwa alifika akiwa tayari mbwa. Mifupa yake ya kale barani imepatikana Misri, ina umri wa zaidi ya miaka 6,000, na kutoka kaskazini alishuka polepole na wafugaji.

Namna mbwa mwitu wa kijivu alivyogeuka mbwa bado inabishaniwa. Wapo wanaosema wawindaji waliokota watoto wachanga na kuwalea. Hawa hutaja kaburi la Bonn-Oberkassel, Ujerumani, lenye umri wa miaka kama 14,000, ambamo mtoto wa mbwa alizikwa pamoja na mwanamume na mwanamke. Meno yake yanaonyesha aliugua sana akiwa mdogo, na asingevuka wiki zile bila mtu wa kumuuguza. Wengine wanasema mnyama alijileta mwenyewe. Waliokuwa na woga kidogo walisogelea makombo ya kambi, wakashiba, wakazaa zaidi ya wenzao waliokimbia. Huenda yote mawili yalitokea, mahali tofauti na nyakati tofauti. Kinachoonekana wazi zaidi ni kilichofuata watu walipoanza kulima. Mbwa mwitu wa kijivu ana nakala mbili za jeni (chembe ya urithi) inayosaidia kusaga wanga kwenye utumbo, ilhali mbwa wengi wana nyingi kuliko hizo, wengine zaidi ya 20. Mwili wake umebadilika ili uishi kwa mabaki ya chakula cha mkulima.

Ndiyo maana mbwa wa Kibirizi au Katonga anaishi anavyoishi. Alfajiri dagaa wanapoanikwa mchangani na kwenye chanja, yeye yuko pembeni, amelala kidevu juu ya miguu, macho yakimfuata mwenye ndoo. Anafukuzwa kwa fimbo, anasogea hatua tano, anarudi. Adhuhuri yuko kivulini chini ya mtumbwi. Usiku yuko mlangoni kwenye nyumba fulani, na ukiuliza watoto wa mtaa watakutajia jina lake na la mwenye nyumba. Tafiti za vijijini Tanzania zimekuta hivyohivyo: wengi sana kati ya mbwa wanaoonekana wakizurura wana wenyewe. Hawafungwi kwa sababu hawakuwekwa ili wafungwe. Kule Sikonge na Urambo, mbwa aliyefungwa nyumbani hawezi kuwafukuza ngedere, nyani wala nguruwe pori kwenye mahindi. Kwenye zizi la mfugaji wa Uvinza, mbwa wa mnyororo hamzuii fisi anayeingilia upande wa pili.

Na dini imeliona hili mapema. Mji kama Ujiji, wenye Waislamu wengi, una watu wasioruhusu mate ya mbwa yafike kwenye vyombo. Chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mafundisho hayohayo yameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kwa hiyo mbwa wa nje, asiyeingia ndani wala kushikwashikwa, ni mpango wa maisha ulioridhiwa na pande zote. Kumwita mzembe mwenye mbwa wa namna hiyo ni kumpima kwa kipimo cha nyumba zenye ukuta na geti.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na lazima zitajwe kwa uzito wake. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara mtu anakufa, na anakufa vibaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, na katika kila vifo 100, takriban 99 vimetokana na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifika karibu vifo 1,500 kwa mwaka, vingi havikuandikwa popote kwa sababu mgonjwa alifia nyumbani. Aliyeng'atwa anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apate chanjo haraka, sindano kadhaa kwa kufuata tarehe. Kwa mtu wa kijiji cha ndani, hiyo ni safari ya kurudiwa hadi mahali penye chanjo, na dozi ya binadamu ni ghali mara nyingi kuliko ya mbwa. Mzazi anayekokotoa gharama hizo akiwa na mtoto mwenye jeraha usoni hana muda wa kusikiliza habari za jeni. Mbuzi wa jirani waliouawa usiku nao ni hasara. Na mbwa mwenye dalili za kichaa, anayedondosha mate, anayeng'ata hata mawe na vijiti, anayeyumba, lazima auawe. Hapo hakuna pande mbili.

Zaidi ya hapo, wanaodai kuwaondoa mbwa wanao mfano mzuri kuliko wanavyojua wenyewe. Uingereza ilikimaliza kichaa cha mbwa mwaka 1902 bila kuchanja mbwa hata mmoja. Lakini tuangalie ilivyofanya. Katika maeneo yaliyotangazwa kuwa na ugonjwa kila mbwa alifungwa mdomo kwa amri, polisi waliwakamata wasiofungwa, na baadaye mbwa kutoka nje waliwekwa karantini. Ni kisiwa, chenye polisi kila mtaa, na amri ilishikiliwa kwa miaka. Kilichokata ugonjwa ni kuzuia meno yasifikie mbwa mwingine.

Kuua peke yake kumejaribiwa Flores, Indonesia. Ugonjwa uliingia mwaka 1997 kwa mbwa waliobebwa na wavuvi kutoka kisiwa kingine. Serikali ikaua mbwa kwa maelfu, maeneo mengine zaidi ya nusu ya mbwa wote, na kichaa kikabaki na kuenea. Ni kisiwa pia, lakini watu walificha mbwa wao, wakawahamishia kwa ndugu, na kila mbwa aliyehamishwa aliweza kubeba ugonjwa hadi kijiji kipya. Mbwa aliyepakiwa kwenye boti ya Kigoma kwenda Kalya, au kwenye gari la mnada kutoka Nzega, angefanya vivyo hivyo.

Hapa ndipo namba moja inahitaji kutafakariwa kwa utulivu. Kampeni za chanjo hulenga asilimia 70 ya mbwa, na wengi huichukulia kama lengo la kuripotiwa tu. Chanzo chake ni hiki. Ufuatiliaji wa muda mrefu kandokando ya Serengeti, na kumbukumbu za nchi nyingine, umeonyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani zaidi kidogo ya mbwa mmoja, chini ya wawili, penye mbwa wengi na penye mbwa wachache. Mnyama huyo hang'ati kwa sababu mtaa umejaa. Anakimbia kilomita nyingi akitafuta wa kung'ata. Kwa hiyo kupunguza idadi hakupunguzi sana maambukizi, na kwa upande mwingine kinga kwa asilimia 20 hadi 45 ya mbwa yatosha kuuzima ugonjwa, mradi isishuke chini ya hapo wakati wowote. Ile 70 ni akiba ya mwaka mzima.

Tuchukue kijiji chenye mbwa 100. Mwezi Julai wanachanjwa 70. Mbwa wa kijijini hawaishi sana, kwa hiyo tuseme ndani ya mwaka 40 kati ya 100 wanakufa kwa magari, magonjwa na njaa, na nafasi zao zinachukuliwa na watoto. Julai inayofuata waliochanjwa na walio hai ni 42. Bado tuko karibu na ukingo wa juu wa kiwango hicho, timu ikirudi kwa wakati.

Sasa mgambo wapige risasi mbwa 40 mwezi Agosti. Wanabaki 60, na 42 kati yao wamechanjwa. Hadi hapo inaonekana hakuna kilichoharibika. Lakini dagaa bado wanaanikwa, machinjio bado yanamwaga damu na matumbo nyuma ya ukuta, jalala la soko liko wazi. Jike mmoja huzaa watoto watano, sita, na safari hii wengi wao wanapona kwa sababu chakula kipo na washindani wameondoka. Katika miezi michache mbwa ni 100 tena, waliochanjwa 42. Hesabu ya mwaka mzima imeliwa kabla mwaka haujaisha. Vifo vya kawaida vikipita juu yake, Julai inawakuta waliochanjwa 25, na ugonjwa una mlango. Hapo tumechukulia risasi haichagui. Kwa kweli inachagua: anayepigwa kwanza ni yule aliyezoea watu, anayelala barabarani, ambaye ndiye aliyekubali kushikwa na kuchomwa sindano.

Anayetaka mbwa wapungue kweli aanze na chakula. Jalala lizungushiwe uzio, taka za machinjio zifukiwe siku hiyohiyo, na mabaki ya samaki yasiachwe mchangani usiku. Idadi itashuka taratibu bila kuvuruga kinga iliyokwisha kulipiwa.

Chanjo nayo inaweza kuharibika mikononi mwa wenye nia njema. Dozi ni mililita 1, chini ya ngozi nyuma ya shingo au kwenye msuli, kwa mbwa mkubwa na mdogo sawa. Kosa la kwanza ni kuwaacha watoto wa mbwa walio chini ya miezi mitatu. Chanjo inawajengea kinga, na kwa kuwa wao ni sehemu kubwa ya mbwa wa kijiji, ukiwaruka huifikii 70. Wachanjwe, warudiwe wakubwapo. Kosa la pili ni barafu. Chupa hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na ikigandishwa inaharibika, kwa hiyo isiguse pakiti za barafu moja kwa moja. Joto, kinyume cha wanavyodhani wengi, lina nafuu kidogo: chanjo mojawapo iliyotumika sana nchini ilipimwa na kukutwa na nguvu baada ya miezi 3 kwenye nyuzi 30. Mkoani Mara watafiti wameitumia nafuu hiyo kuhifadhi chanjo kijijini kwa chungu ndani ya chungu, mchanga wenye maji katikati, ili mchanjaji wa kijiji achanje mwaka mzima badala ya kungoja gari la wilaya. Kwa vijiji vya Uvinza na Kaliua ambavyo masika hukata barabara, njia hiyo ingefaa kujaribiwa.

Kosa la tatu ni kuweka kituo kimoja shuleni na kuondoka jioni. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa kamba haburutwi kilomita tatu. Wanaokuja ni wa karibu, na mara nyingi huletwa na watoto. Kwa kaya za wafugaji zilizotawanyika, timu iende nyumba kwa nyumba, asubuhi kabla ng'ombe hawajatoka, kwa sababu mbwa huondoka nao. Mwenye mbwa amshike ngozi ya shingo, kitambaa kifungwe mdomoni, mchanjaji aje kwa nyuma. Asiyeshikika hunaswa kwa wavu wenye mpini, na nyuzi za wavu hazikosekani mwambao wa Tanganyika.

Kwamba inawezekana, Pemba imeonyesha. Chanjo ilikimaliza kichaa, ugonjwa ukaingia tena mwaka 2016 kampeni zilipolegea, na baada ya chanjo kurudi ulimalizwa tena mwaka 2018. Mexico ilithibitishwa mwaka 2019 kuwa haina tena vifo vya binadamu vya kichaa kinachotokana na mbwa, baada ya miongo ya kuchanja kila mwaka.

Halmashauri inayotaka kujua kama fedha yake imefanya kazi isitosheke na idadi ya chupa zilizotumika. Kila mbwa aliyechanjwa apakwe rangi kichwani au avishwe utepe shingoni. Jioni ya siku hiyo na alfajiri ya kesho yake, mbwa wakiwa wametoka, watu wawili wapite kila kitongoji wakihesabu waliopakwa na wasiopakwa. Wenye alama wakipungua 7 katika kila 10, timu irudi kitongoji hicho kabla rangi haijafutika.