Saa mbili na robo

Najua kuna mtu kashaitupia hii stori yangu ya jana kwenye grupu, eti "fundi wetu hajui kusoma saa". Ngoja niseme mwenyewe maana kaongeza chumvi, mimi sijalia, lile lilikuwa jasho.

Jana asubuhi umeme umerudi hapa Mtwara, seva ya ofisi ikawaka na tarehe ya miaka ya nyuma huko, kabetri ka kwenye bodi kamekufa na intaneti hakuna, kwa hiyo haiwezi kujiwekea saa yenyewe. Simu yangu imezima. Nikamuuliza dada wa mapokezi saa ngapi, akasema saa mbili na robo. Nikaweka tarehe sawa, saa nikaandika 02:15, nikapiga enta kwa madaha. (Watu wa Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, mshaanza kucheka, tulieni basi.)

Kwa msiojua, pale kwetu ukilogin unapitia Kerberos, mfumo wa kuhakiki kuwa wewe ni wewe, seva ndo inakugawia tiketi, na mafaili yote yako kwenye folda ya pamoja ya NFS (njia ya kufungua mafaili ya seva kupitia mtandao) ambayo bila tiketi haikufungulii. Na Kerberos kwenye saa haina undugu, kwa kawaida ukipishana na seva zaidi ya dakika 5 hupati kitu.

Basi hakuna aliyeingia. Hata mmoja. Msimu wa korosho huu, nje kuna malori mawili yanasubiri karatasi, mama mhasibu kasimama nyuma yangu na faili kifuani, nasikia anavyopumua. Skrini inaniambia kabisa kwamba saa zimepishana. Nikasema ngoja nihakikishe kitaalamu. Laptopu ya mama inasema 08:40, nikasoma mbili na dakika arobaini. Nikaigeukia seva, 02:40. Nikasoma mbili na dakika arobaini. Nikamwangalia mama machoni nikamwambia, "Mama, saa ziko sawa, hiyo Kerberos inadanganya."

Jamani. Nilisema hivyo. Kwa sauti.

Nikafuta funguo za seva nikatengeneza upya, nikarestati, nikarestati tena, nikachomoa mpaka waya wa printa ambayo haihusiki na chochote, bosi kaja kaondoka kaja tena. Saa tano hiyo. Mzee wa geti, mlinzi wa usiku, kaja kuulizia posho yake, akainama kwenye skrini na kofia yake mkononi, ile 02:15 yangu ya asubuhi bado inaonekana kwenye orodha ya amri, akasema taratibu, "Njomba, hiyo si saa nane usiku? Mi saa hiyo nakuwaga getini."

Kimya. Mama mhasibu akaketi chini.

Nikaandika 11:07, watu wakaingia, malori yakaondoka, betri imenunuliwa, basi.

Sasa ofisi nzima naitwa Saa Nane. Leo asubuhi napita getini mzee ananiuliza njomba saa ngapi saa hizi, nikamwonesha simu, mdomo sijafungua.