Mwanafunzi Asiuziwe RAM kwa Ajili ya Gemu ya 2010

Juzi mpwa wangu, anayesoma chuo hapa Dodoma, alikuja nyumbani na laptop yake akiwa na furaha tele. "Mjomba, nimeongeza RAM, sasa hivi ni GB 16. New Vegas haikwami tena." RAM ndiyo kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi. Boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, lilikuwa limeingia, na fundi mmoja wa pale mjini alishamwambia mashine yake imechoka. Akawasha gemu. Alipofika geti la Freeside, mtaa mmoja wa ndani ya gemu, na kutaka kuingia ndani, picha ikaganda, muziki ukaendelea kidogo, kisha gemu ikajifunga bila hata ujumbe wa kosa. Hela ya kula ya mwezi mzima ilishaenda kwa fundi.

Fallout: New Vegas ilitoka Oktoba 2010 na ni programu ya biti 32. Programu ya aina hiyo, kama faili lake la exe, lile linaloiwasha, halina alama maalumu, Windows huipa nafasi ya kumbukumbu isiyozidi GB 2. Uwe na RAM ya GB 8, 16 au 64, kwake ni mamoja. Umeongeza tangi la maji uani, lakini ndoo ya kutekea ni ileile. Kila mtaa unaoingia gemu inapakia kuta, watu, silaha na sauti. Na kijana kama huyu, aliyejaza modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) za kung'arisha picha, ile nafasi inajaa mapema. Gemu inaomba zaidi, inakosa, inakufa. Ndiyo maana inafia getini, pale inapolazimika kubeba eneo jipya kwa mkupuo.

Dawa ipo miaka na miaka. Wapenzi wa gemu walitengeneza kiraka kinachoitwa 4GB Patcher. Kinabadilisha ile alama ndani ya lile faili la exe, na kwenye Windows ya biti 64 gemu inapewa GB 4 badala ya 2. Ni bure, na hata bando dogo kabisa linatosha kukipakua. Tukakiweka palepale mezani, nikafungua Task Manager, kidirisha cha Windows kinachoonyesha kumbukumbu inavyotumika, pembeni ili aone mwenyewe. Akapita geti lilelile, namba ya kumbukumbu ikavuka GB 2 na kuendelea kupanda, na gemu ikaendelea kuchezeka. Akaniuliza, sasa ile RAM niliyonunua imesaidia nini? Kwa tatizo lile, haikusaidia kitu.

Sisemi fundi alikusudia kumwibia. Nasema alitibu bila kupima, na hilo linaniuma zaidi, kwa sababu ndiyo desturi yetu. Mashine ikisumbua, jibu ni ongeza RAM, piga Windows upya, au nunua nyingine. Nani alimuuliza kijana inazima wapi? Inazima ghafla au inakuwa nzito polepole? Maswali mawili hayo yangeokoa boom lake.

Maana kuzima ghafla na kuwa nzito ni magonjwa mawili tofauti. Laptop inayoanza vizuri kisha inakuwa nzito baada ya nusu saa, hapa Dodoma, mtu wa kwanza kumshuku ni vumbi. Kiangazi upepo unapuliza hadi ndani ya kabati. Feni inaziba, joto linapanda, na prosesa inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Fungua, piga brashi, badilisha ile pasta ya kupooza. Hiyo ndiyo kazi ya fundi hasa. Na nikubali: mwenye RAM ya GB 4 huku kafungua kivinjari chenye tabo kibao, huyo aongeze tu, na SSD, ile diski ya kasi, kama anaweza.

Kuna na ule mshtuko mdogo mdogo picha inapotembea hata kama mashine ni mpya. Ule unatokana na jinsi gemu inavyopima muda, na modi iitwayo New Vegas Tick Fix inautuliza.

Obsidian, kampuni iliyoitengeneza gemu, siwalaumu sana. Walipewa kama miezi 18 kuitengeneza, na mwaka ule watu wengi bado walikuwa na Windows ya biti 32. Lakini gemu bado inauzwa Steam, duka la gemu la mtandaoni, mpaka leo, na mnunuzi anaachwa ajitafutie kiraka mwenyewe. Hilo silikubali hata kidogo.

Na wale mnaogawiana NVAC, modi ya kuzuia gemu isijifunge, kwenye flashi kama dawa ya kila kitu, acheni. Inailazimisha gemu kuendelea baada ya kosa, na kosa lenyewe linabaki pale pale. Unaweza kusevu juu ya uharibifu bila kujua. Zima kusevu kwa otomatiki, sevu kwa mkono kwenye nafasi mpya kila mara, na usiiweke gemu ndani ya Program Files, kwa sababu Windows inalilinda folda hilo na kiraka kinaweza kukataliwa kuandika.

Fundi akinifanyia haya, anitoze elfu kumi ya ufundi wake na aiandike hivyo kwenye risiti: ufundi. Nitalipa bila kuomba nipunguziwe, na nitampelekea na wenzangu.