Nimelipa Ada Kufundishwa Kukimbia

Mimi ni muuza sukari, unga na mafuta ya kula kwa jumla hapa Ngamiani, Tanga, na kwa miaka ishirini na mbili silaha yangu kubwa ilikuwa kikohozi ninachokitoa kila ninapofunga duka usiku. Niliona kinatosha, mpaka mwaka jana vijana wawili wa pikipiki waliponiondolea mkoba wa mauzo mlangoni pangu, na yule aliyeupokea akaniambia kwa adabu kabisa, "Ahsante, mzee," kama mtu aliyerudishiwa chenji yake. Fedha nilizisahau baada ya miezi michache, lakini ile shukrani ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila nilipolala niliisikia tena. Ndipo nikatangaza nyumbani kwamba nitatafuta bastola.

"Baba Zuhura," mke wangu akasema bila kuinua uso kutoka kwenye nazi aliyokuwa akiikuna, "ukiona panya ghalani unaniita mimi."

Sikumjibu, kwa sababu ni kweli.

Nilidhani bastola hununuliwa kama mizani: unatoa fedha, unapewa risiti, unafunga mzigo nyuma ya baiskeli. Kumbe safari inaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye ananidai sukari ya arobaini ya shemeji yake na hivyo alikuwa na maswali mengi kuhusu tabia yangu, ikapanda kwenye kata, ikaenda polisi, na kote huko nikaulizwa swali moja kwa sauti tofauti: bastola ya nini? Juu ya hayo, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwombaji athibitishe kwamba ana umahiri wa kutumia silaha. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimelipa ada ya mafunzo ya siku nne, ada ambayo ingeninunulia magunia sita ya sukari, na alfajiri ya Alhamisi nikawa natia maji kwenye chupa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Uwanja wa shabaha ulikuwa mbele ya Pongwe, kwenye shimo kubwa lililochimbwa mchanga zamani, lenye ukuta mrefu wa udongo upande mmoja na jua pande zote zilizobaki. Tulikuwa wanafunzi saba. Kulikuwa na mama mmoja muuza dhahabu, aliyekuja na mtandio wa hariri na miwani ya jua. Kijana mrefu anayelipa vibarua kwenye shamba la mkonge. Dereva mstaafu ambaye hakusikia vizuri tangu kabla ya mafunzo. Na wengine ambao sikuwazoea. Mkufunzi alikuwa askari mstaafu kutoka bara, mwembamba kama ufito, ambaye sote tulimwita Afande, na yeye akatuita kila mtu kwa umri wake. Mimi nilikuwa "mzee" kuanzia saa moja na nusu asubuhi.

Siku ya kwanza hatukufyatua hata risasi moja mpaka saa nane mchana. Tulikaa kwenye mabenchi tukafundishwa kanuni nne, ambazo Afande alisema zilipangwa na Mmarekani mmoja aitwaye Jeff Cooper, aliyefungua shule yake ya bastola kule Arizona mwaka 1976. Ya kwanza, kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi. Ya pili, mtutu usielekezwe kamwe kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Ya tatu, kidole kisiingie kwenye kifyatulio mpaka macho yawe kwenye shabaha. Ya nne, uijue shabaha yako na kilichoko nyuma yake. Mtu wa kawaida angezimaliza kwa dakika tano, lakini Afande alizirudia kama mwalimu wa chuo anayesomesha alifu, tukazisema kwa pamoja, kisha mmoja mmoja, kisha dereva mstaafu akaambiwa azirudie peke yake kwa sababu ya pili aliisikia kuwa "mtoto usielekezwe".

Nataka niseme wazi kwamba kanuni hizi zimeniharibia maisha. Nilirudi nyumbani jioni ile nikashindwa kumwonyesha mteja ulipo unga wa sembe, maana mkono ulikataa kumnyooshea mtu kidole. Mwanangu alipochukua rimoti akaielekeza kwangu ili abadilishe chaneli, niliinama chini ya meza. Usiku nilimkuta mke wangu amelaza mchi wa kinu ukiwa umeelekea kitandani, nikaugeuza ukaelekea ukutani, kisha nikakumbuka kanuni ya nne, kwamba nyuma ya ukuta ule analala jirani yetu, nikautoa nje kabisa.

Siku ya pili ndiyo ya kusimama. Ukiwa na miaka hamsini na minne unaamini kwamba kusimama unakujua, lakini niliambiwa ninasimama kama mtu anayesubiri daladala. Afande alitueleza kwamba miaka ya 1950 inakaribia kwisha, naibu wa sherifu mmoja wa Los Angeles, Jack Weaver, alianza kushinda mashindano kwa kushika bastola kwa mikono miwili wakati wenzake wakitumia mmoja: mkono wa nguvu unasukuma, mwingine unavuta, mwili umekaa upande kidogo. Wengine siku hizi husimama kifua mbele na mikono yote imenyooka, miguu imechanua. Nilijaribu vyote viwili, na magoti yangu yakavikataa vyote viwili.

Ikaja habari ya macho. Tuliambiwa tuunde tundu dogo kwa viganja, tutazame mti wa mbali kupitia tundu lile, kisha tufumbe jicho moja moja, tujue ni lipi linalotawala wakati wa kulenga. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi, mtu wa mkono wa kulia tangu kuzaliwa, ninatawaliwa na jicho la kushoto. Miaka yote hii nimekuwa nikisoma mizani kwa jicho lisilokuwa na madaraka! Afande alisema si ugonjwa na watu wengi wako hivyo, nigeuze kichwa kidogo tu, lakini mama wa dhahabu alicheka, na kicheko cha mtu aliyetia risasi tano kwenye duara moja la ukubwa wa kisahani kinauma.

Risasi zenyewe zilikuwa za milimita 9, na kila moja, kwa hesabu yangu, ni kama kilo ya sukari. Watu wengine wakifyatua husikia mlio. Mimi nilisikia mfuko ukipasuka. Huenda ndiyo sababu Afande akaniona ninaisukuma bastola chini kila kabla ya kufyatua. Nilikataa, na mtu mzima akikataa hukataa kwa kirefu. Basi akachukua magazini yangu, yaani kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini wa bastola, akachanganya risasi za kweli na za bandia zisizo na baruti bila mimi kuona mpangilio, akanirudishia. Risasi ya kwanza ikalia. Ya pili ilikuwa bandia: bastola ilisema "tik" tu, wala haikutikisika, lakini mkono wangu ulishuka hadi kiunoni na macho yangu yalikuwa yamefumba, mbele ya watu sita. Katika maisha yangu nimewahi kukamatwa mwongo na mke, na mama mkwe, na mtu wa kodi, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza kukamatwa mwongo na chuma.

Sijamaliza habari za siku hiyo. Bastola hutema ganda la risasi upande wa kulia, na aliyesimama kushoto kwangu alikuwa kijana wa mkonge. Ganda lake moja liliruka juu, likafikiri, likaingia kwenye ukosi wa shati langu. Asiyejua ganda lililotoka sasa hivi lina moto kiasi gani asinicheke. Nilicheza baikoko pale uwanjani ambayo hata wenyewe wa Tanga wangenitunza, na kwa kuwa nilikuwa nimeshika bastola yenye risasi, nilisikia sauti ya Afande nyuma yangu, tulivu kama ya imamu: "Cheza utakavyo, mzee, lakini mtutu uendelee kutazama ukuta." Kwa hiyo nikacheza kuanzia mabegani kushuka chini, mikono ikiwa imenyooka mbele kama ya mtu aliyebeba sinia la pilau, mpaka ganda likatokea kwenye mguu wa suruali.

Sasa nifike kwenye dhuluma yenyewe, ambayo ni siku ya tatu.

Afande alipima futi 21 mchangani, yaani kama mita sita na nusu, akachora mstari. Alisema mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu huvuka umbali huo kwa sekunde moja na nusu hivi, muda ambao mtu aliyefundishwa anahitaji ili atoe bastola kwenye ala na kufyatua. Tukajaribu kwa bastola ya plastiki. Kijana wa mkonge akasimama kwenye mstari na kijiko cha mbao badala ya kisu. Mimi nikasimama na bastola kiunoni, shati limeifunika. Afande akapiga makofi. Kijana alinifikia, akanichoma kijiko tumboni, akaomba radhi, akarudi kwenye mstari wake, na mimi bado nilikuwa natafuta pindo la shati. Tulirudia mara sita. Mara ya sita niliwahi kuishika bastola, ikaniponyoka.

Nikamuuliza Afande swali la mtu aliyelipa ada. Nilimwambia kwamba kutoka kaunta ya duka langu mpaka kwa mteja ni mita moja, na kutoka mlangoni pangu mpaka barabarani ni tatu; sasa huyo mwizi wa kusimama mita saba akanisubiri nipandishe shati anapatikana mtaa gani? Akajibu kwamba hilo ndilo somo. Bastola ni ya mwisho kabisa, pale roho inapotoka na njia nyingine hakuna. Kabla ya hapo, ona mapema: tazama pande zote, jua njia ya kutokea iko wapi. Ukiweza kuondoka, ondoka. Ukiweza kukimbia, kimbia, huku ukipiga kelele. Na mtu akitaka mali, mpe mali, kwa sababu mali hutafutwa na sheria haitakuelewa ukiua mtu kwa ajili ya mfuko wa fedha.

Nilikaa kwenye benchi. Magunia sita ya sukari nimetoa ili nifundishwe kwamba siku ile ya wale vijana wa pikipiki nilifanya vizuri sana! Nilikuwa mhitimu bila kujijua; kilichobaki ni cheti tu.

Dereva mstaafu, ambaye safari hii alisikia kila kitu, alinifariji kwa historia ya mji wetu. Alinikumbusha kwamba Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa Tanga askari kama elfu nane, Wajerumani na askari wao wakiwa kiasi cha elfu moja, na katikati ya mapigano nyuki wakafumka wakawauma watu wa pande zote. Waliokimbilia merikebuni waliacha nyuma bunduki za rashasha 16 na risasi laki sita. "Wale walikuwa na silaha zote hizo na wakakimbia," alisema, "sembuse wewe na jicho lako la kushoto." Sikujua kama ilikuwa faraja au tusi, lakini tangu hapo nilikuwa nikiangalia miti kabla ya kuangalia shabaha.

Siku ya nne ulikuwa mtihani, nami sitaukalia sana. Watu wa karatasi walitokea mmoja mmoja, wengine wameshika kisu, wengine wameshika vitu vya halali, na kazi ni kuamua. Nilimpiga mtu aliyeshika simu. Nilijitetea kwamba anafanana na mdeni wangu mmoja wa Makorora ambaye kila nikimdai hushika simu sikioni, lakini utetezi huo ulizidisha makosa. Mtihani wa kufunga jeraha linalovuja damu nilifaulu vizuri, kwa kuwa kufunga mzigo ndiyo kazi yangu. Nilipewa nafasi ya kurudia shabaha, nikapita kwa alama moja. Mama wa dhahabu aliongoza, akasaini, akaingia kwenye gari lake, akaondoka bila hata vumbi kumgusa.

Kibali chenyewe mpaka leo hakijatoka, kwa hiyo bastola sina. Nilicho nacho ni sanduku la chuma la kuihifadhia, nililolinunua mapema kwa haraka zangu na kulipigilia ukutani chumbani. Kwa sasa mke wangu ameweka humo fedha za kikoba chao na vitenge viwili asivyotaka dada yangu avione, na ufunguo amesema atakaa nao yeye, maana mimi nina mambo mengi.

Juzi Jumatatu, wakati nataka kufunga, Afande aliingia dukani na begi lake, anakwenda stendi ya Kange kuwahi basi. Akasema baadhi ya wanafunzi hawajamalizia ada, nyumbani wanamngoja, na angefurahi kupata mfuko wa kilo ishirini na tano wa sukari na dumu la mafuta, atatuma fedha mwisho wa mwezi. Alikuwa amesimama mita moja kutoka kaunta. Nilitazama pande zote kama alivyonifundisha. Nilitafuta njia ya kutokea, nikaikuta ni ile ile aliyoiziba yeye na begi lake. Nikampa mali.

Akaibeba begani, akafika mlangoni, akageuka.

"Ahsante, mzee," akasema, kwa adabu kabisa.