Kitabu chetu kwenye rafu ya Amazon: tunachopata na tunachotoa

Mwezi uliopita msomaji anayeishi Minneapolis aliniandikia WhatsApp akitaka riwaya yetu moja ya Kiswahili, nakala mbili, yake na ya dada yake. Vitabu ninavyo, vimejaa kwenye maboksi nyuma ya mlango wa ofisi. Nikaenda kuulizia gharama ya kusafirisha. Kwa vitabu viwili vya shilingi 15,000 kila kimoja, nauli ilizidi bei ya vitabu mara kadhaa. Nilipompa jibu hilo akaniuliza kwa upole: "Sasa kaka, kwa nini msiviweke tu Amazon, duka lile la mtandaoni?"

Sisi wachapishaji wadogo tunaulizwa swali hili mara kwa mara, na tumegawanyika. Wako wanaoiona Amazon kama mkombozi, wako wanaoiona kama mnyonyaji. Pande zote mbili zina hoja za kweli, ila ugomvi wetu huishia kwenye asilimia. Kwangu asilimia ndiyo sehemu nyepesi ya jambo hili.

Tuanze nazo hata hivyo. Kupitia KDP (Kindle Direct Publishing), huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, kitabu huchapwa nakala moja moja baada ya mteja kulipa. Huna haja ya kukopa ili uchape nakala 1,000, wala ya stoo, wala ya kuhofia mchwa. Tuseme kitabu kina kurasa 200 za wino mweusi na kinauzwa dola 12 Marekani. Mchapishaji anahesabiwa asilimia 60 ya bei, yaani dola 7.20, kisha inakatwa gharama ya kuchapa ambayo ni kama dola 3.40. Inabaki dola 3.80. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 ya mrabaha huo, yaani malipo yako ya mauzo, inazuiliwa kule kule. Mkononi unapata dola 2.66, na mwandishi bado hajachukua chake.

Ukishusha bei ili msomaji asiumie, unaumia wewe. Tangu Juni 2025 kitabu kinachouzwa chini ya dola 9.99 kinahesabiwa asilimia 50 badala ya 60. Kitabu kile kile kwa dola 9 kinakuachia dola 1.10, na baada ya kodi ni senti 77.

Ni kidogo, lakini tusisahau tunakotoka. Hapa nyumbani tunauza kwa mali kauli. Duka linachukua vitabu bila kulipa, linakata theluthi ya bei au zaidi, halafu unaanza safari za kufuatilia. Niliwahi kuacha nakala 40 kwenye duka moja la vitabu mjini na nikalipwa baada ya miezi minane, tena nusu. Mtu aliyepitia hayo hawezi kuidharau taarifa ya mauzo inayofika kila mwezi na malipo yanayoingia benki bila kumpigia mtu simu. Tena kitabu cha zamani, ambacho maduka hayakitaki tena kwa sababu si cha mtaala, kule kinabaki hai. Akitokea msomaji mmoja kwa mwaka, anakikuta. Kwa nchi ambazo vitabu vingi huisha chapa ya kwanza na kusahaulika, hilo ni jambo kubwa.

Upande wa pili ni suala la nani mwenye nguvu. Brad Stone, mwandishi wa habari aliyeandika historia ya Amazon mwaka 2013, anasimulia kwamba mwanzilishi wake, Jeff Bezos, alipendekeza wachapishaji wadogo waendewe kama duma anavyomwendea swala mgonjwa. Mpango ule ukaitwa Mradi wa Swala hadi wanasheria walipoubadilisha jina. Mwaka 2004 kampuni ndogo ya uchapishaji ya Melville House ililalamika hadharani kuhusu masharti ya Amazon, na vitufe vya kununulia vitabu vyake vikatoweka kwenye tovuti. Ikakubali kuilipa Amazon, vikarudi. Mwaka 2008 wachapishaji wanaochapa nakala moja moja waliambiwa watumie mtambo wa Amazon yenyewe au wapoteze kitufe hicho. Kampuni moja ya wachapishaji hao, BookLocker, ikaenda mahakamani, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2010. Mwaka 2012 wasambazaji IPG wa Chicago walikataa masharti mapya, na vitabu vyao vya kielektroniki karibu 5,000 vikaondolewa kwa miezi kadhaa.

Hao wote ni Wamarekani, wenye mawakili na magazeti ya kuwasemea. Mchapishaji wa Sinza au wa Nakuru akifungiwa akaunti usiku ataenda kulia kwa nani?

Kwetu kuna kikwazo kingine ambacho wenzetu wanaoandika Kiingereza hawakioni. Kwa miaka mingi orodha ya lugha zinazokubaliwa na KDP ilikuwa na Kiafrikana lakini haikuwa na Kiswahili. Lugha yenye wasemaji wa kujaza nchi kadhaa ilibaki nje ya mlango. Kwa hiyo kabla hujapiga hesabu za mrabaha, fungua orodha hiyo uisome.

Ndiyo maana naona njia ya msambazaji inatufaa zaidi. African Books Collective ilianzishwa mwaka 1989 na wachapishaji wa Afrika wenyewe, na Walter Bgoya wa Dar es Salaam na Henry Chakava wa Nairobi walikuwa miongoni mwao. Inauza nje vitabu vya wanachama wake, vya Kiswahili vikiwemo, kwa kuvichapa vinapoagizwa, na vinaonekana Amazon pia. Kuna mkono mwingine unaokula katikati, sikatai. Lakini duka moja likikufungia, kitabu bado kinauzwa kwingine, na ukiwa na shida unazungumza na watu wanaoijua biashara yetu. Jambo moja tu silegezi: namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, iwe yako, kutoka maktaba ya taifa. Ile ya bure ya KDP huwezi kwenda nayo popote.

Hata hivyo, kuna tunachotoa ambacho hakuna msambazaji atakayekirudisha. Taarifa ya mauzo inakuambia nakala ngapi na nchi gani, haikuambii nani. Kitabu cha pili cha mwandishi yule yule kikitoka, huna wa kumwambia. Duka lina majina yote, wewe una tarakimu. Mchapishaji mkubwa ana fedha za matangazo kuziba pengo hilo. Mimi nina daftari lenye namba za simu za watu walionunua kwetu moja kwa moja, na riwaya yetu ya mwisho ilirudisha gharama za kuchapa kwa sababu yake, kabla duka lolote halijachukua nakala hata moja.

Tumeanza kuandaa mafaili ya vitabu vitano vya zamani ili twende kwa msambazaji. Vitabu vipya vitaanza kwanza kwenye daftari. Yule msomaji wa Minneapolis aliniunganisha na binamu yake aliyekuwa anarudi huko, nikampelekea nakala mbili Jumamosi jioni, akaziweka kati ya vitenge na pakiti za majani ya chai. Jina la msomaji yule nimeliandika kwenye daftari, na la dada yake pia.