Mwenyeji wa dijitali yuko foleni steshenari

Wiki iliyopita tulikalishwa semina siku mbili. Mwezeshaji, kijana wa suti ya kubana na slaidi za kurukaruka, akatutangazia kwamba walimu wa umri wetu ni "wahamiaji" kwenye dunia ya dijitali. Wanafunzi ndio "wenyeji". Ukumbi ukaitikia kwa vichwa. Mimi nikanywa chai yangu kimya, maana posho ilikuwa bado haijatoka.

Maneno yenyewe wala si yake. Ni ya Mmarekani, Marc Prensky, aliyaandika 2001 akiwasema wanafunzi wa kwao. 2001 jamani! Facebook haijazaliwa, na huku kwetu mwenye simu aliivaa kiunoni kama bastola. Leo tunaletewa kama habari ya asubuhi.

Hebu pita steshenari yoyote msimu wa kuomba mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo. Foleni ni ya nani? Ya wenyeji hao hao. Kijana kamaliza kidato cha sita, video ya TikTok anaihariri kwa dole gumba huku anakula chipsi, lakini anamlipa dada wa steshenari amfungulie imeili, amskanie cheti cha kuzaliwa, amjazie fomu. Nywila anabaki nayo dada.

Mwaka jana niliwaingiza kidato cha tatu chumba cha kompyuta. Binti mmoja akaweka kidole kwenye kioo, akasukuma juu. Hakuna kilichosogea. Akasukuma tena, kwa nguvu zaidi, kisha akanitazama kana kwamba mimi ni muuza duka niliyempa kitu kibovu.

Angejulia wapi? Simu shuleni marufuku, ikikamatwa bwenini ni kesi. Chumba cha kompyuta kina kufuli, ufunguo kwa mkuu, mkuu yuko kikaoni. Nyumbani anaazima simu ya mama yenye bando la kuhesabu. Halafu tunamwita mwenyeji! Neno hilo ni tamu kwetu kwa sababu linatupunguzia kazi: mwenyeji haonyeshwi njia ya kwao. Kwa hiyo hatumfundishi kutunza faili, hatumfundishi kupima habari ya mtandaoni kama ni kweli, na akifeli tunasema anachezea simu.

Haya, nakubali, projekta ikigoma namwita mwanafunzi. Na wapo wenzangu ambao vishikwambi walivyopewa baada ya kazi ya Sensa ya 2022 vimelala kabatini chini ya kitambaa cha kufuma, kama redio ya bibi. Hao siwatetei.

Ila kuna mama mmoja wa Jiografia hapa kwetu, kabakiza miaka miwili astaafu. Matokeo ya shule nzima yanapita kwenye Excel yake. Walimu vijana wanampelekea alama kwenye karatasi. Alijilipia kozi ya jioni zamani, akakaa, akafundishwa. Basi. Hakuna uhamiaji wala uraia hapo.

Tumemwomba achukue Jumamosi awafundishe wanafunzi kompyuta, na ufunguo tumeupata baada ya barua mbili. Siku ya kwanza nilikaa nyuma. Binti yule wa kusukuma kioo aliandika jina lake, akasevu na kufunga kama alivyoelekezwa, maandishi yakapotea. Akanyoosha mkono.

"Madam, nikishasevu, inakwenda wapi?"

Mama akavuta kiti, akakaa karibu naye.